Kasi haijengwi kwa kuchoka

Kuna imani moja katika viwanja vya Goma ambayo nimechoka kubishana nayo kwa mdomo: kwamba kocha mzuri ni yule anayewakimbiza watoto mpaka watapike. Jumapili alfajiri utawakuta barabarani, vijana wa miaka 13 na 14, mistari miwili, wanaimba, wanashuka kutoka Majengo kuelekea ziwani na kupanda tena. Wanarudi hoi, na wazazi wanasifu: huyu kocha ni mkali! Mimi nami nafundisha watoto wa umri huohuo, na nasema mbio zile zinawafundisha jambo moja tu, kukimbia polepole kwa muda mrefu.

Tazama mechi yenyewe. Mchezaji mtu mzima huenda kama kilomita 10 kwa dakika 90, lakini sehemu kubwa ya hizo ni kutembea na kujivuta. Bao hupatikana ndani ya sekunde mbili au tatu, katika mita 10 au 20, pale mshambuliaji anapomtangulia beki kwa hatua moja. Fiston Mayele, mshambuliaji Mkongomani mwenzetu aliyewafundisha Watanzania kushangilia bao kwa kutetema alipokuwa klabu ya Yanga, hakufunga kwa sababu angeweza kukimbia hadi Sake bila kupumzika. Alifunga kwa sababu aliufikia mpira kabla ya wengine.

Hatua hiyo moja ni kazi ya mishipa ya fahamu kuliko ya mapafu. Ubongo unaamuru, misuli inaitika yote kwa pamoja, na hilo haliwezekani mwili ukiwa umechoka. Ndiyo maana kwetu mtoto hukimbia mita 20 kwa nguvu zake zote, hurudi akitembea, husimama, hupiga soga na mwenzake mpaka pumzi irudi kabisa, ndipo huenda tena. Mara sita, ikizidi sana nane, basi. Tukumbuke pia kwamba mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapa pumzi hukawia kurudi kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Baba mmoja alisimama pembeni akatutazama weee, kisha akauliza: “Kocha, hawa watoto wako mazoezini au mapumzikoni?” Nikamjibu: “Kote kuwili, mzee.”

Kwenye nguvu, hofu ya wazazi ni ya upande mwingine: mtoto akiinua uzito atadumaa. Husema hivyo huku mtoto huyohuyo akitoka ziwani na bidoni la lita 20 mgongoni. Mwaka 2014 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja kwamba mazoezi ya nguvu, yakisimamiwa na mtu anayejua na kupimwa kwa umri, hayamzuii mtoto kukua. Humkinga na majeraha. Ila usitegemee misuli iliyotuna. Kabla ya kubalehe, nguvu huongezeka kwa sababu mwili unajifunza kuitumia misuli uliyo nayo.

Vyuma hatuna, lakini tuna chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Jirani yangu mbeba viazi hutuazima lake akimaliza kazi. Tunalipakia viroba viwili vya mchanga, mtoto anashika usukani, anainama mbele mpaka mwili unyooke kutoka kisigino hadi shingo, halafu anasukuma ardhi kwa mguu wa nyuma. Mita 10 tu, pahali tambarare, kisha anapumzika. Angalia goti linavyopanda na nyonga inavyofunguka: ni mkao uleule wa hatua ya kwanza ya mbio. Huko Ulaya klabu hununua vigari vya chuma vya kusukuma kwa kazi hiyohiyo. Chukudu lisipopatikana tunatumia mwinuko wowote mfupi, kwani mpando humlazimisha mtoto kuinama na kusukuma. Kushuka ni kwa kutembea. Haya majiwe meusi ya volkano yetu, Nyiragongo, hayana huruma na magoti, hasa kwa wanaovaa kambambili.

Mazoezi mengine hayahitaji hata chukudu. FIFA ina programu ya kupasha mwili moto iitwayo 11+, ya dakika 20 hivi, ambayo ilijaribiwa kwa wasichana wa Norway. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba majeraha makubwa yalipungua kwao. Mojawapo ya mazoezi yake ndilo ninalolipenda kuliko yote: mtoto anapiga magoti juu ya kitenge kilichokunjwa, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajiachia mbele taratibu mpaka mikono ishike chini. Misuli ya nyuma ya paja hulia! Ndiyo hiyohiyo inayochanika mtu akitimka mbio.

Wengi hukosea katika kalenda. Hungoja ligi ikaribie, wakawasulubu vijana wiki tatu, kisha wakasahau mpaka mwaka ujao. Kasi haiwekwi akiba, ikiachwa wiki chache inaanza kupungua. Na hapa Goma, tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, nani atakuahidi tarehe ya ligi? Kwa hiyo sisi hufanya kidogo, mara mbili kwa wiki, mwaka mzima. Mechi zikiwa nyingi tunapunguza idadi ya mbio, lakini hatuziondoi. Mechi zikiisha, wiki mbili za kupumzika kabisa. Julai na Agosti, shule zimefungwa na mvua imekatika, ndipo tunaongeza mzigo.

Kuna wakati wa kupunguza hata kama kalenda inasema ongeza. Kila mwisho wa mwezi nawasimamisha watoto mlangoni na kuchora urefu wao kwa chaki. Wavulana wengi hurefuka ghafla kwenye miaka 13 au 14, wasichana mapema zaidi. Mfupa unatangulia, msuli unafuata nyuma. Mtoto aliyekuwa mwepesi anaanza kujikwaa, anashika chini ya goti akilalamika. Huyo si mvivu. Mpunguzie kuruka na kutimka, mwache acheze na mpira. Na aliyekuja bila kula hakimbii. Bugali na maharagi ya jana, na vile visamaki vya sambaza vikipatikana, vinatosha, lakini tumbo tupu halina kasi.

Mzazi, ukitaka kujua kama mwanao anafundishwa kasi kweli, usihesabu jasho. Tazama anafanya nini kati ya mbio moja na nyingine. Ukimkuta amesimama anapumua, mwache hapo. Ukimkuta bado anakimbizwa, mtafutie kocha mwingine.