Mwanao na Masomo ya Nyuklia

Enyi wazazi wa Mbinga, Liuli na Mbamba Bay! Mwanao asomeaye uhandisi wa nyuklia atafikia mwaka wa kuambiwa achague mwenyewe baadhi ya masomo, naye atakuja kukuuliza. Usinyamaze kwa kuwa wewe hukusoma fizikia.

Moyo wa kijana huvutwa na vinu vya umeme. Ni elimu tukufu, lakini nchi yetu haijapata kinu hata kimoja cha namna hiyo. Ama urani, iko mkoani mwetu humu, Mto Mkuju wilayani Namtumbo, na mtambo wa majaribio ulizinduliwa Julai 2025. Ardhi yenye urani hutoa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, nayo ikivutwa miaka mingi huleta saratani ya mapafu. Ni nani atakayeipima hewa avutayo mchimbaji?

Imamu Ghazali aliuhesabu utabibu katika fardhi za kifaya: mji ukikosa mjuzi wake, lawama huwashukia wote. Kwa maoni yangu somo la kinga ya mionzi limo katika mlango huo huo. Basi na litangulie. La pili liwe la mionzi ya tiba, kwani wagonjwa wetu wa saratani husafirishwa hadi Ocean Road, Dar es Salaam. La vinu alisome nafasi ikibaki.