Chenji anaijua, mtihani haumuulizi

Katika soko la Sirari, upande wa Tanzania wa mpaka na Kenya, hesabu ya siku huweza kuwa hii: mteja kachukua nyanya za Sh3,000 za Tanzania, kalipa kwa noti ya Sh200 ya Kenya. Tuseme shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa 20 za Tanzania. Chenji ni Sh1,000 za huku au Sh50 za kule, na huenda anayeirudisha ni mtoto aliyeachiwa meza mama akifuata mzigo.

Akipimwa shuleni, haulizwi hilo. Upimaji wa hesabu wa madarasa ya awali unaojulikana kwa kifupi cha EGMA humtaka atambue namba, ajaze inayokosekana, ajumlishe, atoe na ajibu mafumbo machache. Yana maana yake, lakini hamna noti mkononi wala saa ukutani.

Mwaka 1985 watafiti wa Recife, Brazil, walichapisha matokeo ya watoto watano wachuuzi, wenye miaka 9 hadi 15. Mezani kwao walipata asilimia 98. Hesabu za aina hiyo zilipoandikwa kwenye karatasi bila bidhaa, walipata 37. Mwaka 2025 timu ya Abhijit Banerjee na Esther Duflo ilionyesha India kwamba pengo lina upande wa pili: watoto wa shule wasiouza sokoni walihangaika na hesabu za sokoni.

Hapo ndipo hasara ilipo kwa mzazi mfanyabiashara. Anayeona alama mbovu huamua mtoto hana kichwa cha shule, akamhamishia kibandani. Anayeona alama nzuri humwachia meza, kisha mtoto anapunjwa.

Wakati una mtego wake. Mshale mfupi ukiwa kwenye 9 asubuhi, kwa Kiswahili ni saa tatu, ilhali simu inaandika 09:00. Mtoto anayesema “saa tisa” amesoma namba tu, hajasoma wakati. Mpimaji asiyeeleza anataka saa ya lugha gani atamkosesha aliyepata. Na Rusumo, ukivuka daraja kuingia Rwanda, unarudisha saa moja nyuma: basi la saa tatu kule ni saa nne huku. Swali hilo lingemfaa mtoto wa darasa la nne, na baadhi yetu wakubwa.

Mtaala wa Kenya umeweka fedha na wakati ndani ya somo la vipimo tangu gredi ya kwanza, hivyo mwalimu ana nafasi. Nyumbani, mpe mtoto noti halisi, taja bei, akurudishie chenji na aeleze alivyoipata. Kisha mwandikie hesabu hiyo hiyo kwenye daftari. Akipata moja na kukosa nyingine, mwambie mwalimu ni ipi.