Mteremko mrefu: gia ichaguliwe kileleni

Jumamosi ya tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni nje kidogo ya jiji la Arusha, kaskazini mwa Tanzania, lori liliyagonga magari mengine matatu na watu 25 wakapoteza maisha. Polisi wa nchi hiyo walieleza kuwa breki za lori hilo zilishindwa kufanya kazi. Habari za namna hii husikika mara kwa mara katika ukanda wetu, na wengi huzipokea kana kwamba ni kudra tu. Hata hivyo, breki iliyokuwa nzima kileleni ikafa kabla ya kufika bondeni huwa na sababu inayoeleweka, na mara nyingi dereva wa gari la gia za mkono anaweza kuizuia.

Jambo hili latuhusu sisi wa Burundi. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam huteremka mlima Sekenke mkoani Singida. Yakishavuka mpaka wa Kobero, yale yanayoelekea Bujumbura husubiriwa na mteremko wa Bugarama, ambako barabara hushuka zaidi ya mita 1,000 katika mwendo usiozidi kilomita 40, tena miongoni mwa waendesha baiskeli waliobeba ndizi.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari dogo la kilo 1,000 likishuka kimo cha mita 1,000, nishati inayopaswa kumezwa yatosha kuchemsha takriban lita 29 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Kwa lori la tani 30, zidisha mara 30. Upepo na msuguano wa magurudumu huchukua sehemu yake, lakini dereva anayekanyaga breki tangu juu hadi chini huutwika mfumo wa breki mzigo mkubwa uliobaki. Pedi zikichemka kupita kiasi hupoteza mshiko. Mafuta ya breki, hasa ya zamani yaliyokwisha kunyonya unyevu, hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Hapo kanyagio huzama hadi chini ilhali gari halipunguzi kasi.

Injini ndiyo msaidizi wa breki. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, gia ikiwa imeingia na klachi imeachiwa, magurudumu hulazimika kuizungusha injini, nayo huyazuia. Kadiri gia inavyokuwa ndogo, ndivyo kizuizi kinavyokuwa kikubwa. Kanuni ya madereva wa zamani ingali sahihi: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo. Gia hiyo ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza, kwa maana gari likishika kasi, hasa likiwa na mzigo, gia ndogo yaweza kukataa kuingia. Kasi ikizidi, kanyaga breki kwa nguvu kiasi, punguza mwendo, kisha iachie ipoe. Usiuegemeze mguu juu yake muda wote.

Uhaba wa mafuta umewafanya baadhi ya madereva kushuka milima kwa nyutro, wakiamini kwamba wanaokoa fedha. Katika magari yenye mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta, ambayo ndiyo mengi ya siku hizi, imani hiyo si sahihi. Gari likishuka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, mfumo hukata mafuta. Likiwa kwenye nyutro, injini huendelea kuyanywa ili isizimike. Kuzima injini kabisa ni hatari zaidi: kanyagio la breki huwa gumu, usukani huwa mzito, na ufunguo ukichomolewa waweza kujifunga.

Katika kusimama kwa kawaida, kanyaga breki kwanza, na klachi baadaye, muda mfupi kabla injini haijaanza kutetemeka. Anayetanguliza klachi huutupa msaada wa injini. Katika dharura, gari lenye mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga likanyagwe breki na klachi kwa nguvu zote bila kuachia. Lisilo na mfumo huo, magurudumu yakijifunga, legeza breki kidogo ili usukani utii, kisha ukanyage tena.

Na kama kanyagio limezama? Lipige haraka haraka mara kadhaa, huenda msukumo ukarejea. Shusha gia moja baada ya nyingine, kisha vuta breki ya mkono polepole huku kitufe chake kimebonyezwa, maana ikivutwa ghafla gari laweza kugeuka. Washa taa za tahadhari, piga honi, na utafute mpando au ukingo wa udongo.

Dereva anayehisi harufu ya kuungua au kanyagio kulainika asingoje kufika chini. Asimame mahali salama, aweke gia, atie jiwe gurudumuni, na asubiri breki zipoe bila kuzimwagia maji.