Gemu inayodai subira, na sababu ya kukosa nafasi vibandani

UKIPITA mtaa wa Kabiria, eneo la Dagoretti magharibi mwa jiji la Nairobi, wakati shule zimefungwa, huenda ukakiona kibanda cha mabati chenye pazia mlangoni na kelele za vijana ndani. Humo mna runinga moja au mbili, mashine za PlayStation na benchi la mbao.

Kinachochezwa humo aghalabu ni kandanda, na isipokuwa kandanda basi ni mapigano ya watu wawili. Mechi huchukua dakika chache, anayeshindwa humpisha mwenzake, na mwenye kibanda huhesabu sarafu zake jioni.

Ipo hata hivyo aina nyingine ya gemu ambayo ni nadra kuonekana vibandani, ingawa imekuwepo tangu enzi za mashine hizo hizo. Ni gemu ya mikakati ambamo mchezaji huvaa nafasi ya mhusika wa hadithi na kukiongoza kikosi chake kutoka vita hadi vita. Kuikamilisha huchukua majuma kadhaa.

Kuielewa gemu ya namna hii kuna manufaa kwa mzazi anayemwona mwanawe ameinamia simu usiku kucha, na kwa kijana mwenyewe pia. Kinachowekwa rehani hapa ni muda, nao ukishapotea haununuliki.

Chimbuko lake

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliomtaka kila mchezaji awe mhusika mmoja mwenye uwezo na udhaifu wake. Mhusika huyo aliongezeka nguvu kadiri alivyopata uzoefu.

Wajapani waliichukua fikra hiyo na kuiunganisha na michezo ya vita. Mwaka 1990 kampuni ya Nintendo ilitoa gemu ya kwanza ya Fire Emblem. Miaka 7 baadaye, Juni 1997, kampuni ya Square ilitoa Final Fantasy Tactics kwa mashine ya kwanza ya PlayStation, chini ya uongozi wa Yasumi Matsuno.

Gemu hiyo ya Matsuno ndiyo inayotajwa mara kwa mara kuwa kielelezo cha fani hii, na inafaa kutumiwa hapa kama mfano.

Jinsi vita vinavyopiganwa

Uwanja wa vita umegawanywa miraba, mithili ya ubao wa sataranji, ila una mabonde, ngazi na mapaa ya nyumba. Mchezaji huteua wapiganaji wasiozidi watano na kuwapanga.

Hakuna haja ya vidole vyepesi. Kila mpiganaji ana kasi yake, na kasi hiyo hujumlishwa taratibu hadi ifike 100, ndipo zamu yake ya kutenda iwadie. Mwenye mbio hupata zamu nyingi kuliko goigoi. Zamu ikishafika, mchezaji anaweza kufikiri dakika moja au nusu saa, na adui atamsubiri.

Aliyewahi kuketi penye bao atatambua mengi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na bingwa wake hapimwi kwa wepesi wa mkono bali kwa kuona zamu tatu au nne zijazo kabla hajashika kete. Wakikuyu, ambao Dagoretti ni sehemu ya makazi yao ya jadi, wana mchezo wa jamii hiyo hiyo uitwao giuthi. Kwa hivyo fikra hii si ngeni Kabiria, kilicho kigeni ni runinga.

Tofauti na bao ni kwamba kete za gemu hii hukua. Mpiganaji anayetenda jambo vitani hupata pointi za uzoefu pamoja na pointi za kazi yake. Kikosi huanza na askari wa kawaida na watoa dawa, kisha hatua kwa hatua hufungua kazi nyingine kama upinde, ukuhani, uchawi na uninja, hadi kazi 20 kwa jumla. Ujuzi uliopatikana katika kazi moja waweza kubebwa hadi nyingine, na hapo ndipo ubunifu wa mchezaji hudhihirika.

Kifo nacho si cha mzaha. Mpiganaji akiishiwa nguvu huanguka, na hesabu huanza kusoma 3, 2, 1 juu ya kichwa chake. Asipofufuliwa kabla hesabu haijakwisha, hutoweka milele, yeye na saa zote zilizotumiwa kumlea.

Hadithi ya walionyimwa haki

Vita hivyo vina kisa. Matsuno alichota kutoka historia ya Uingereza, hasa mapigano ya koo mbili za kifalme yaliyodumu tangu 1455 hadi 1487, na kuyahamishia katika nchi ya kubuni iitwayo Ivalice.

Nchi hiyo imetoka katika vita vya miaka 50. Askari waliopigana kwa uaminifu wamefutwa bila malipo, na baadhi yao wamegeuka wanyang'anyi chini ya kiongozi wao, Wiegraf. Anayetumwa kuwakomesha ni Ramza, kijana wa ukoo wa kikabaila, akiandamana na rafiki yake Delita, mtoto wa walalahoi aliyelelewa katika nyumba hiyo hiyo.

Dada mdogo wa Delita anapotekwa, mabwana wanaamua kuwa uhai wa binti wa kimaskini hauwezi kuwazuia. Anauawa kwa mshale wa upande uleule uliopaswa kumwokoa. Tangu hapo marafiki hao wawili wanaachana njia: Delita anapanda hadi kuwa mfalme, naye Ramza anafutwa katika vitabu vya historia.

Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa sana. Waafrika waliopigana katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia wakiwa katika kikosi cha KAR walirejea makwao na malipo ya kuachishwa jeshi yaliyokuwa sehemu ndogo tu ya yale waliyopewa Wazungu waliopigana upande huo huo.

Mtego wa ngome

Mahali panapoeleza vyema kinachodaiwa na gemu hii ni ngome ya Riovanes, baada ya safari kupita nusu. Mchezaji hushinda vita vya langoni, kisha huulizwa kama angependa kuhifadhi alipofika. Wengi hukubali bila kusita.

Ndani ya ngome Ramza hujikuta peke yake mbele ya Wiegraf, ambaye akishindwa hugeuka zimwi. Ikiwa Ramza hakuandaliwa vizuri, hapenyi. Kurudi nyuma kwenda kujinoa hakuwezekani, kwa kuwa mlango umeshafungwa. Aliyehifadhi mchezo wake katika nafasi moja pekee, juu ya ile ya awali, hana budi kuanza upya tangu ukurasa wa kwanza.

Wachezaji wa nchi nyingi walipoteza makumi ya saa kwa njia hiyo. Kosa lao halikuwa katika vita vile. Lilitendeka mapema, pale walipomtegemea Ramza kutoa amri huku wenzake wakimpigania, na pale walipoacha kuweka akiba ya pili.

Akiba yenyewe katika mashine ya kwanza ya PlayStation ilikaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu yenye nafasi 15, iliyouzwa kando. Asiyekuwa na kadi alipoteza kila kitu mashine ilipozimwa.

Na mashine huzimika hata pasipo mwenyewe kutaka. Mnamo Juni 7, 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, na Kenya nzima ikakosa umeme. Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya nchi ilitumbukia tena gizani. Aliyekuwa katikati ya mechi ya kandanda alipoteza dakika chache, ilhali aliyekuwa katikati ya vita virefu alipoteza jioni nzima.

Hesabu ya mwenye kibanda

Hapo ndipo sababu ya gemu hii kukosa nafasi vibandani inapobainika. Si kwamba vijana wa Kabiria hawana akili ya mikakati. Ni hesabu.

Tuseme mwenye kibanda anatoza shilingi 1 kwa dakika. Kuikamilisha Final Fantasy Tactics huchukua takriban saa 45, yaani dakika 2,700. Kijana angelipa shilingi 2,700 kwa hadithi moja, na sehemu kubwa ya fedha hizo ingelipia dakika za kukaa kimya akitafakari.

Kwa mwenye kibanda nako hakuna faida. Kandanda huketisha wawili kwa mashine moja na huvuta watazamaji ambao ndio wateja wa mechi ijayo. Mchezaji wa mikakati huketi peke yake, wala hakuna anayemshangilia. Fauka ya hayo, kadi ya kumbukumbu ikitumiwa na mtaa mzima, ni rahisi mtu kufuta safari ya mwenzake ili apate nafasi ya kuhifadhi ligi yake.

Kwa maneno mengine, mahali ambapo muda huuzwa rejareja, michezo mifupi ndiyo hustawi. Kijana hujifunza kuamua upesi, jambo ambalo si baya, ila hapati pa kujifunzia kuishi na matokeo ya uamuzi alioufanya majuma mawili yaliyopita.

Simu imebadilisha mambo

Simu ya kisasa imeondoa kizuizi hicho. Gemu ya Matsuno, ambayo iliandikwa upya kwa mashine ndogo ya PSP mwaka 2007, ilitolewa kwa simu za iPhone mwaka 2011 na za Android mwaka 2015. Toleo jipya la mashine za sasa lilitoka Septemba 2025, nalo hujihifadhi lenyewe na kumruhusu mchezaji kuchagua kiwango cha ugumu. Mlinzi wa zamu au mwanafunzi aliye likizoni sasa anaweza kubeba vita vyake mfukoni.

Lakini lugha imebaki kikwazo. Kiswahili hakimo katika hadithi yake. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza, iliyotoka 1998, ilijaa makosa yaliyowatatiza hata wenye lugha hiyo.

Waafrika nao wameanza kujitengenezea. Mkenya Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka 2015, gemu ya kufyatua risasi katika jiji hili, na mwaka uliofuata studio ya Kiro'o ya Kameruni ikatoa Aurion, yenye mhusika anayekua na visa vilivyochotwa katika mila za Kiafrika. Gemu ndefu ya mikakati inayozungumza Kiswahili ingepata wasomaji, si wachezaji tu.

La kuzingatia nyumbani

Kizuizi cha fedha kilikuwa pia mlinzi. Sarafu zilipokwisha, kijana alitoka kibandani akaenda nyumbani. Simu haina mwenye kibanda wa kugonga bega na kusema muda umekwisha, hivyo kazi hiyo imemrudia mzazi.

Saa 45 zikigawanywa saa moja kwa siku ni siku 45, sehemu kubwa ya likizo ya Novemba na Desemba. Kwa kipimo hicho gemu hii haina dhara kuliko riwaya nene. Zikimezwa kwa siku tano mfululizo, ni usingizi na masomo yanayoliwa.

Badala ya kupokonya simu, mzazi anaweza kuuliza maswali matatu: umefika wapi katika hadithi, kwa nini ulimpoteza yule mpiganaji, na akiba yako ya pili uliiweka wapi. Mtoto anayeweza kujibu kwa ufasaha anajifunza kitu. Asiyeweza anabonyeza tu, na huyo ndiye wa kuambiwa aizime kwa leo na kuirudia kesho, kwani vita vyake vitamngoja palepale alipoviacha.