Sababu ya viwanja vya baiskeli kuinuliwa kwenye kona

WAENDESHAJI baiskeli wanaofanya mazoezi kati ya Ruiru na Thika hulazimika kugawana barabara na matatu na malori. Kwingineko, mazoezi ya kasi hufanyika mahali pasipo magari: kwenye njia yenye umbo la yai, iliyoinuliwa upande wa nje, ijulikanayo kama velodromu.

Yeyote aliyepanda matatu anajua jinsi abiria wanavyolaliana gari linapokata kona kwa kasi, kwani mwili hutaka kuendelea moja kwa moja. Kwenye kona tambarare, mwendesha baiskeli hutegemea tairi zishike ardhi. Zisiposhika, huteleza na kuanguka. Njia ikiinuliwa, sakafu yenyewe humsukuma kuelekea ndani, naye hupita bila kupunguza kasi.

Velodromu za Olimpiki huwa na mzunguko wa mita 250, ilhali uwanja wa riadha una mita 400. Kona zake huinuka kwa takriban nyuzi 42, na sehemu zilizonyooka nyuzi 12 hivi. Anayekwenda polepole mno kwenye kona hizo huporomoka.

Baiskeli zenyewe ni tofauti. Zina gia moja, na pedeli huzunguka daima pamoja na gurudumu la nyuma. Breki hazipo, hivyo hakuna anayeweza kusimama ghafla mbele ya wenzake.

Matokeo yake ni kasi ya ajabu. Mnamo Oktoba 2022, Mwitaliano Filippo Ganna aliendesha kilomita 56.792 kwa saa moja katika velodromu ya Grenchen, Uswisi. Huo ni umbali unaozidi ule wa kutoka katikati ya Nairobi hadi Thika.

Barani Afrika, velodromu zimejengwa Cairo, Abuja na Cape Town. Sifa ya Kenya imetokana na barabara. Ni huko Kikuyu, katika Kaunti ya Kiambu zilimo pia Thika na Ruiru, ambako David Kinjah alimnoa Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017.

Si lazima uwanja uwe wa mbao na paa. Njia ya saruji isiyoezekwa, yenye mzunguko mrefu zaidi, haihitaji kona kali hivyo, na gharama yake ni nafuu. Faida yake kubwa si medali pekee: chipukizi hujifunza kukimbiza baiskeli bila kuhatarisha maisha mbele ya malori.