Kupooza kwa Ghafla kwa Mbwa: Damu Inapozibwa Njia Katika Ugwe wa Mgongo

Katika mji wa Bukavu, ambako mbwa wengi hufugwa kwa ajili ya ulinzi ndani ya nyua za Ibanda, Kadutu na Bagira, mbwa anayeanguka ghafla na kushindwa kuinua miguu ya nyuma huweza kudhaniwa kuwa amelishwa sumu, au amegongwa na pikipiki, au ameingiwa na kichaa. Na kwa kuwa dhana hii ya mwisho ndiyo inayotisha kuliko zote, ni rahisi mnyama akauawa kabla jua halijatua. Yapo hata hivyo maradhi yenye sura hiyohiyo ambayo hayaambukizi, hayatokani na ubaya wa jirani yeyote, na ambayo mara nyingi humwachia mnyama nafasi ya kutembea tena, nayo ni kuziba kwa mshipa wa damu unaolisha ugwe wa mgongo.

Ugwe wa mgongo ni fungu la neva linaloshuka kutoka kwenye ubongo likipita ndani ya mfereji wa pingili, na baina ya pingili moja na nyingine hukaa kisahani cha gegedu chenye ukingo mgumu wa nyuzi na kiini laini kinachopunguza mshindo mnyama anaporuka. Chembe ya kiini hicho ikipenya katika mshipa wa damu huchukuliwa na mkondo hadi pale mshipa unapokuwa mwembamba, ikanasa. Kizibo kinachosafiri namna hiyo huitwa emboli, na kwa kuwa chembe yenyewe ni ya gegedu na nyuzi, maradhi yamepewa jina la emboli ya gegedu-nyuzi. Sehemu ya ugwe iliyokuwa ikitegemea mshipa huo hukosa oksijeni, na seli zake huanza kufa, hasa zile za eneo la kijivu la katikati, ambalo huhitaji damu nyingi kuliko nyuzi za neva zinazolizunguka.

Namna chembe inavyopata mlango wa kuingilia mishipani bado inabishaniwa: wapo wanaoona kwamba kisahani kilichochakaa huota mishipa midogo ambayo hapo awali haikuwapo, na wapo wanaoshikilia kwamba kiini husukumwa hadi ndani ya mfupa wa pingili, kikazifikia vena zilizomo. Maradhi haya yalielezwa kwanza kwa binadamu mwaka 1961, kwa kijana aliyefariki baada ya kuanguka, na kwa mbwa mwaka 1973 katika kazi ya I. R. Griffiths. Yanawapata zaidi mbwa wa maumbo makubwa walio katikati ya umri, ambao ndio hasa wanaopendwa kwa ulinzi, ingawa mbwa wadogo nao hawakuepushwa.

Kwa kawaida mnyama huwa anakimbia, anacheza au anaruka ukuta, hulia mara moja kwa maumivu, kisha huanza kuburuta mguu. Ndani ya saa chache udhaifu hufika kilele chake, na baada ya saa 24 hauendelei tena. Maumivu nayo hutoweka, na mara nyingi upande mmoja huwa umeathirika kuliko mwingine. Kipimo cha MRI huweza kuonyesha doa katika ugwe, lakini kwa mfugaji wa kawaida wa Bukavu kipimo hicho kiko mbali kwa masafa na kwa bei, na kwa hiyo mwenendo wa maradhi kwa saa na siku ndio unaobaki kuwa ushahidi mkuu. Kisahani kilichochomoza na kuugandamiza ugwe huacha maumivu mgongo unapobonyezwa. Kichaa cha mbwa, kile cha namna ya kupooza, hulegeza taya, hutiririsha mate, hubadili sauti na tabia, kisha huenea siku hadi siku mpaka mnyama afe, kwa kawaida ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Mbwa mwenye emboli hula, humtambua bwana wake, na kesho yake huwa vilevile alivyokuwa jana. Hata hivyo, mpaka daktari wa mifugo atakapoondoa shaka, mkono wa mtu haupaswi kuingia kinywani mwa mnyama huyo, na yeyote aliyeng'atwa huosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kwenda kutafuta chanjo bila kungoja matokeo ya mbwa.

Vipimo viwili havihitaji mashine. Cha kwanza ni kuupindua wayo ili mnyama, huku ameshikiliwa asimame, akanyage kwa mgongo wa vidole: mbwa mzima huurudisha papo hapo, na mwenye ugwe ulioumia huuacha hivyohivyo. Cha pili, ambacho wengi hukisoma vibaya, ni kukibana kidole kwa koleo. Mguu ukijikunja, hilo si dalili ya kuhisi, kwani mkunjo huo hutokea ndani ya ugwe wenyewe bila ubongo kupata habari. Kinachotafutwa ni mbwa kugeuza kichwa, kulia au kutaka kuuma. Asipofanya lolote, hali ni mbaya.

Dawa ya kuondoa kizibo haipo, na sindano za deksamethasoni, ambazo hutolewa pengine kwa sababu tu zinapatikana, hazijathibitishwa kuleta faida. Kinachosaidia ni uuguzi: godoro kavu, kumgeuza mnyama ubavu kila baada ya saa chache ili asipate vidonda, kukamua kibofu mara tatu au nne kwa siku kama hawezi kukojoa, na kuinyoosha na kuikunja miguu ili misuli isinyauke. Anayeanza kusimama hubebwa tumbo kwa kitambaa, kwenye udongo au nyasi, kwa kuwa saruji laini humtelezesha, na miteremko ya Bukavu huachwa hadi mwisho. Wengi huonyesha nafuu ndani ya wiki mbili, ingawa mguu mmoja huweza kubaki ukikwaruza kucha maisha yote. Yule ambaye baada ya muda huo hahisi chochote katika kidole huwa na matumaini madogo sana, na ndiye ambaye mwenyewe na daktari wana haki ya kuzungumzia sindano ya mwisho.