Je, Mahali Panaweza Kutuambia Tulikutana na Nani?

Ndugu mwanafunzi, jaribu kujibu swali hili bila kumwuliza jirani yako: Jumanne iliyopita, baada ya sala ya Adhuhuri, ulikaa karibu na nani? Rafiki yako umemkumbuka. Je, yule aliyekaa nyuma yako? Na yule mliyepanga naye foleni bombani? Mtu akipatwa na maradhi ya kuambukiza, wataalamu wa afya hutaka kuwapata mapema wote aliokutana nao, kabla nao hawajawaambukiza wengine. Kazi hiyo hutegemea kumbukumbu za mgonjwa, na mgonjwa mwenye homa hukumbuka machache.

Wakati wa maradhi ya Korona, baadhi ya nchi zilijaribu kuisaidia kumbukumbu hiyo kwa alama za mraba zenye vidoti vyeusi na vyeupe, yaani misimbo ya QR. Alama hizi zilibuniwa Japani mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. New Zealand ilianza kuzitumia kwa Korona mwezi Mei 2020, na Uingereza mwezi Septemba mwaka huohuo. Karatasi ilibandikwa mlangoni mwa duka, ofisi au ukumbi wa chuo, na aliyeingia aliielekezea simu yake.

Wengi hudhani alama ile inamjua mtu. Haimjui. Ndani yake pameandikwa mahali tu. Miraba mitatu mikubwa ya pembeni huionyesha kamera alama imekaa upande gani, na hata karatasi ikichanika kidogo bado husomeka. Simu ndiyo huweka kumbukumbu: ukumbi fulani, siku fulani, saa fulani. Mtu akithibitika kuwa mgonjwa, mahali alipopita na saa zake hupelekwa kwenye simu zote, na simu iliyokuwa hapo wakati huo humwonya mwenyewe. Jina la mgonjwa halitajwi. Huko New Zealand kumbukumbu zilikaa ndani ya simu ya mtu na kufutika baada ya siku 60. Hili si jambo dogo. Katika chuo chenye mabweni, jina likivuja mgonjwa hunyooshewa vidole, na wa pili akiugua atanyamaza.

Upungufu upo. Ukumbi wa watu 200 wenye alama moja utawaonya wote 200, hata aliyekaa pembe ya mbali. Kwa hiyo ni afadhali kila safu ya madawati iwe na alama yake. Asiye na simu janja lazima awekewe daftari.

Lakini upungufu mkubwa zaidi tunaweza kuuona hapahapa Ifakara. Mwaka 1997 mji wetu ulipatwa na kipindupindu. Watafiti waliwachukua watu 180 waliofika hospitalini wakishukiwa kuwa na ugonjwa huo, wakawalinganisha na wengine 360 wasiougua. Hakukuwa na simu wala alama, palikuwa na karatasi, kalamu na maswali. Ilionekana kuwa waliooga mtoni, waliokuwa mbali na maji, na waliokula samaki wakavu ndio walikuwa katika hatari zaidi. Vijidudu vyenyewe vilipatikana katika chanzo kikuu cha maji cha mji.

Sasa fikiri: kama mwaka ule kila darasa lingekuwa na alama mlangoni, tungejua nani alisoma na nani, na jibu lingebaki mtoni. Kipindupindu hupita kwa maji na chakula, si kwa kukaa dawati moja. Hivyo chuo kinachotaka kubandika alama kianze kwa kuuliza ugonjwa wenyewe unapita njia gani. Kwa maradhi ya hewa, ukumbi, bweni na maktaba panafaa. Kwa maradhi ya tumbo, anza na bomba, kisima na kwa mama ntilie.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa bonde hili huenda asilijue. Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi huondoka mjini na vijijini kwenda kukaa kwenye vibanda vya shambani, mbali na barabara. Mwanafunzi akienda kuwasaidia wazazi wake wiki mbili kisha akarudi chuoni na homa, simu yake haitakuwa na la kusema juu ya siku hizo. Itabidi mtu aketi naye, amwulize taratibu alilala wapi na alikunywa maji gani.